Kumbe Kusikiliza Kunasomewa

Mimi ni mwalimu wa kujitolea hapa Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, mimi nikazaliwa humuhumu miaka michache baadaye, na sekondari nilimaliza kwa mtaala wa Congo. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyomkosea mama mmoja, na jinsi kosa hilo lilivyonifanya nitamani masomo ambayo hata sikujua kama yapo.

Mwaka jana nilikuwa na mtoto darasani ambaye akifika tu, analala juu ya dawati. Nilimsimamisha pembeni mara nyingi, haikusaidia. Nikamwita mama yake. Mama akaniambia kwamba usiku yeye hupiga kelele usingizini, na huyo mtoto ndiye anabaki macho ili amwamshe. Akaanza kusema yaliyompata kule Fizi kabla ya kukimbia. Nikamkatiza. Nilikuwa na haraka, na ukweli ni kwamba niliogopa. Nikamwambia, "Mama, samehe tu, umwachie Mungu." Akajibu, "Asante, mwalimu," akaenda zake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena shuleni, hata kwenye kikao cha wazazi.

Baadaye alikuja dada mmoja, mshauri nasaha, kutufundisha sisi walimu kwa siku tatu. Ni Mkongomani mwenzetu. Alisomea saikolojia ya ushauri, digrii ya pili, ile watu wanaita masta, katika Chuo Kikuu cha Daystar, chuo cha Kikristo kule Kenya. Wakati wa chai nikamweleza habari ya yule mama, nikidhani atanisifu. Akaniuliza, "Ulimwambia asamehe nini?"

Sikujua. Chai yangu ikapoa mkononi.

Nikajitetea kwa kumuuliza: kwani mtu aende chuo kikuu miaka yote hiyo ili kusikiliza watu tu? Si tuna wachungaji, si tuna wazee wa barza? Akacheka, akasema hao ni wa lazima, lakini na yeye alifikiri hivyo mpaka alipoanza. Walisoma jinsi mtoto anavyokua, jinsi hofu inavyokaa mwilini hata vita ikiisha, namna ya kufanya utafiti. Halafu walikaa na watu wenye shida za kweli, na kila mara mwalimu wao akiwauliza: hapo ulisema nini, na kwa nini? Kenya hata ina sheria ya washauri na wanasaikolojia, ya mwaka 2014, kwa sababu maneno nayo yanaweza kuumiza.

Na Ukristo unaingia wapi? Hilo ndilo nililotaka hasa. Akasema Wakristo wenyewe wamebishana sana. Kule Marekani, seminari ya Fuller ilifungua shule ya saikolojia mwaka 1965, ikiamini teolojia na saikolojia zinaweza kukaa meza moja. Mwaka 1970 mchungaji Jay Adams akaandika kitabu akipinga, kwamba mchungaji na Biblia yake wanatosha. Yeye dada yuko upande wa meza moja. "Hata Mwislamu akija kwangu simhubirii," alisema. "Na Mkristo akitaka tuombe, aseme yeye. Maombi yasiwe mlango wa kumfungia mtu mdomo."

Hapo nilijua ananisema mimi.

Alitukumbusha marafiki wa Ayubu. Siku saba, usiku na mchana, walikaa naye chini bila neno. Walipofungua mdomo ndipo wakaharibu. Mimi sikukaa hata dakika saba.

Siku ya mwisho alitupa karatasi tuchore familia zetu vizazi vitatu, kama wanavyofanya chuoni, maana mshauri aanze kwa kujijua. Upande wa baba yangu nilichora duara moja na alama za kuuliza. Nikaelewa kwa nini nilimkatiza yule mama. Nyumbani kwetu pia hayo mambo hayasemwi.

Sasa njia yenyewe ni ndefu, vijana msidanganyike. Huwezi kuingia masta bila digrii ya kwanza. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992, umekuwa ukisaidia wakimbizi kwa hiyo digrii ya kwanza, ila wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Cheti cha Congo lazima kilinganishwe kwanza. Na Daystar wanasoma kwa Kiingereza, mimi nina Kifaransa cha darasani. Nimeanza na daftari moja la Kiingereza, maneno kumi kila jioni kabla giza halijaingia.

Kwa yule mama nilienda Jumamosi. Nikamwambia, "Mama, nilikukatiza, naomba unisamehe." Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasogeza ungo karibu yangu, nami nikaanza kuchambua. Hatukusema kitu. Jumamosi ya tatu ndipo akaanza kusema. Aliyosema sitayaandika, na haya machache nimeyaandika kwa ruhusa yake.

Mtoto bado analala siku nyingine. Namwacha mpaka kengele ya pili.