Mshika Saa na Haki ya Wasemaji

Kazi yangu katika Chama cha Midahalo cha shule yetu ni ndogo. Nashika saa, napiga kengele moja ikibaki dakika moja, na kengele mbili wakati ukiisha. Kwa miaka miwili watu walinipita bila kuniuliza neno. Muhula huu naulizwa sana, kwa sababu tumeagizwa kuandaa mdahalo wa wagombea wa ukiranja mkuu, nao ni watano. Wako wenzetu watakao waitwe wawili tu, wale wenye wafuasi wengi mabwenini, ili shule isichoke kusikiliza. Mmoja wa hao wawili ni rafiki yangu. Twala meza moja tangu kidato cha kwanza. Alitaraji kuwa nitaliunga mkono shauri hilo. Nami siwezi, na napenda kueleza sababu zangu hapa, ambapo yeye na wengine wote watazisoma.

Jambo hili si la shule peke yake. Tarehe 11 Februari 2013 majirani zetu wa Kenya walifanya mdahalo wa wagombea urais, ukaonyeshwa katika televisheni. Nao ulifanyika shuleni, Brookhouse, mjini Nairobi. Wagombea walikuwa wanane, lakini waandalizi walikusudia kuwaita sita. Mmoja wa wawili walioachwa, wakili Paul Muite, alikwenda mahakamani kupinga. Mwishowe wote wanane walisimama jukwaani. Yule mwingine aliyekuwa ameachwa ni Mohammed Abduba Dida, aliyepata kuwa mwalimu wa sekondari, na kabla ya usiku ule watu wengi hawakumjua. Kura zilipohesabiwa mwezi wa Machi, Dida alikuwa wa tano, akiwapita wawili miongoni mwa wale sita walioalikwa tangu mwanzo. Hakuukaribia ushindi, lakini alionyesha wazi kwamba kipimo cha waandalizi hakikuwa sawa. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndiyo maana mwenye kuandaa hafai kuwa yeye tena mwenye kuchagua.

Wengine watasema, basi mtu na apimwe kwanza kwa wafuasi wake. Mwaka 2022 Wakenya walijaribu hivyo. Wagombea ambao kura za maoni hazikuwapa hata 5 katika kila 100 waliwekewa kipindi chao mbali na wakubwa. George Wajackoyah alikataa kutengwa, akaondoka, na David Mwaure akabaki akisema peke yake. Naona kosa la kipimo hicho ni hili: asiyejulikana huambiwa angoje mpaka ajulikane, na mahali pa kujulikana ndipo anapofungiwa mlango.

Usiku ule ule, tarehe 26 Julai, zamu ya wakubwa ilipofika, William Ruto naye alisimama peke yake, maana Raila Odinga hakuja. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2017, Odinga ndiye aliyesimama peke yake, na Rais Uhuru Kenyatta ndiye hakuja. Hapa kwetu Uganda, tarehe 15 Januari 2016, wagombea saba walihudhuria mdahalo wa Kampala, na wa nane, Rais Museveni, hakuhudhuria. Alikuja katika mdahalo wa pili, tarehe 13 Februari. Wako watu wazima wasemao kuwa midahalo ni mchezo wa watoto wa shule. Sisi tulio watoto wa shule twajua kwamba asiyekuja hamnyimi mpinzani wake tu, bali huwanyima wale waliokuja kusikiliza.

Tena, saa peke yake haitoshi kuleta haki, ingawa mimi ndiye mwenye saa. Tarehe 26 Septemba 1960, katika mji wa Chicago, John Kennedy na Richard Nixon walipewa dakika 8 kila mmoja za kuanzia. Dakika zilikuwa sawa kabisa. Lakini Nixon alikuwa ametoka kuugua goti hospitalini, amekonda, na suti yake hafifu ilipotea katika rangi ya ukuta wa nyuma; Kennedy alionekana mwenye afya. Hapo hakuna aliyedhulumiwa, lakini twajifunza kwamba macho nayo hupiga kura, na mwandalizi mwema huangalia hata taa na ukuta.

Basi, haya ndiyo niliyoyaandika kwa mwalimu mlezi wetu. Waitwe wote watano. Utaratibu wa kusema upatikane kwa kura ya vijikaratasi, si kwa cheo wala kidato. Kila swali waulizwe wote, na kila mara aanze mwingine. Atakayetajwa kwa jina apewe nusu dakika ya kujibu. Mwenyekiti asiwe wa bweni lolote lenye mgombea. Asiyekuja, kiti chake kibaki wazi, na dakika zake asipewe mtu. Nakubali kwamba kwa watano kila mmoja atapata dakika chache kuliko kama wangekuwa wawili, na hilo ni hasara ya kweli. Dawa yake ni kuongeza nusu saa baada ya chakula cha jioni, si kuwapunguza watu.

Rafiki yangu hakufurahi. Aliniambia kwamba wale watatu watamla wakati wake, na kwamba rafiki wa kweli angeliona hilo. Nilimjibu kuwa siku ile kengele yake italia sawa na yao. Amesema atanijibu katika toleo lijalo, nami nimemwomba Mhariri ampe nafasi isiyopungua hii yangu.