Kizimba cha Kuku Penye Theluji

Kuku wa kwetu Mombasa hana haja kubwa ya kujengewa. Akitupiwa punje za mchele asubuhi, mengine hujitafutia mwenyewe vichochoroni hadi magharibi, kisha hurejea kulala chini ya ngazi au ndani ya tenga lililofunikwa. Nilipoazimia kufuga kuku sita nyuma ya nyumba yetu mjini Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, nilifahamu kwamba ujuzi huu niliourithi kwa mamangu hautanifikisha mbali. Huku theluji huanza kuanguka Novemba, na aghalabu hudumu ardhini hadi Machi. Kuku hawezi kujitafutia chochote. Chakula chake, maji yake, hata hewa anayoivuta usiku, vyote vimo mikononi mwa aliyemfungia. Sote tumeisikia tangu utotoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajilishe. Sikuwahi kuiona kuwa inanihusu mimi hadi nilipotaka kumfungia kiumbe kwa miezi mitano.

Basi mwaka 2018, katika majira ya joto, tuliomba kibali cha manispaa, kwani mjini humu kuku hafugwi bila kibali, kisha mimi na bwana wangu tukakaa mezani na penseli. Kwanza tulitafuta jua. Mombasa jua hupita utosini mwaka mzima. Huku mwezi wa Desemba hujikokota chini chini upande wa kusini kwa muda usiofika hata saa tisa, likatoweka. Dirisha tukaliweka kusini, na mlango tukauepusha na kaskazini-magharibi unakotoka upepo mkali. Nguzo zilitutoa jasho. Maji yaliyomo ardhini yakiganda hufura na kuisukuma juu nguzo iliyochimbiwa kijuujuu, kwa hiyo sehemu hii ya jimbo shimo hutakiwa lifike inchi 42. Bwana wangu, ambaye si fundi na hajidai kuwa fundi, alichimba mashimo manne kwa siku mbili.

Kipimo kinachotajwa na wengi ni futi 4 za mraba kwa kila kuku. Sisi tulijenga futi 6 kwa 6, kwa kuwa kuku anayeshinda ndani siku nyingi humchoka mwenzake na kumdonoa. Paa tulilipa mteremko mkali ili theluji isirundikane juu yake. Madirisha tuliyafunika kwa wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, si ule wavu mwepesi wa kuku, kwa sababu ya rakuni, mnyama mwenye ukubwa wa paka mnene na vidole kama vya mtoto. Komeo la kawaida hulifungua kama mwenye nyumba.

Lililotugombanisha ni hewa. Mamangu alikuwa amekuja kukaa nasi, akayaona matundu marefu tuliyoyaacha juu kabisa, chini ya paa, pande mbili.

"Mwanangu, haya utayaziba lini?"

"Hayazibwi, Mama."

Alinitazama kama aliyesikia utovu wa huruma. Nilimweleza nilivyosoma na nilivyoambiwa na wafugaji wa huku. Mwili wa kuku una joto la takriban nyuzi 41, na manyoya yake yakifura hulizuia joto hilo lisitoke. Baridi kavu huistahimili. Kinachomuumiza ni unyevu: pumzi zake na kinyesi chake hutoa mvuke usiku kucha, na mvuke ukikosa njia hutua juu ya kilemba chake, ile nyama nyekundu ya utosini, ukaganda, na nyama ikageuka nyeusi. Ndiyo maana matundu huwa juu ya vichwa vyao, na chini kuta huzibwa upepo usiwapige. Ndiyo maana pia tulichagua Wyandotte na Chantecler. Hao wa pili walizalishwa na mtawa mmoja wa Quebec, Kanada, mwanzoni mwa karne ya 20, na vilemba vyao ni vidogo mno, havina ncha za kuganda.

"Basi wawashie taa ya joto," akasema.

Hapo pia nilikataa. Kila majira ya baridi taa hizo huanguka juu ya maranda makavu na kuunguza vizimba, na chetu kiko hatua kumi tu kutoka chumba cha watoto. Isitoshe, umeme ukikatika usiku wa manane, kuku aliyezoea joto huachwa ghafla katika baridi asiyoijua. Mamangu hakuridhika. "Aliyevaa koti," akaniambia, "haisikii baridi ya mwenzake."

Tarehe 30 Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, hata posta ikasitisha kupeleka barua. Usiku ule nililala kidogo sana. Sikuwa na shaka na hoja zangu, lakini hoja hazina manyoya, na viumbe sita walikuwa nje kwa neno langu. Baada ya Alfajiri tulitoka pamoja, mamangu akiwa amejifunika blanketi juu ya makoti mawili. Kuku walikuwa juu ya ubao wao, mbao ya 2 kwa 4 tuliyoilaza upande wake mpana ili waatamie vidole vyao, wamefura kama mito. Sita wote. Mamangu hakuwahesabu kwanza. Alivua glavu, akapitisha kiganja ukutani, kisha kwenye maranda.

"Pakavu," akasema, akaniamuru nilete maji.

Maji ndiyo kazi ya kila siku. Chombo chetu hukaa juu ya sahani ya umeme inayozuia yasigande, na watoto hukijaza kwa zamu. Mayai huokotwa mara tatu kwa siku, la sivyo huganda na kupasuka. Nayo huwa machache, kwani kuku hupunguza kutaga siku zinapofupika; mwaka ule yaliongezeka tena mwishoni mwa Februari. Mamangu amesharudi Mombasa. Suala la taa hajanikubalia hadi leo, na kila Desemba hunipigia simu kuniuliza kama nimeshabadili rai.