Makunduchi, Mahali Mwaka Unapooshwa

Wewe uliyezoea kuupokea mwaka mpya usiku wa manane wa Desemba 31, kwa honi za magari na vishindo vya madebe mtaani, huenda ukastaajabu kuambiwa kwamba kusini mwa kisiwa cha Unguja uko mwaka mwingine, na kwamba mwaka huo huingia mchana kweupe, mwezi wa Julai, kwa watu kupigana.

Ukishuka botini, usikawie mjini. Panda gari la Makunduchi asubuhi na mapema, maana siku hiyo magari hujaa upesi. Safari ni ya kilomita 60 na ushei. Utaupita msitu wa Jozani, makao ya kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote duniani ila Zanzibar. Baada ya msitu huo angalia ardhi: udongo mwingi umekwisha, yamebaki mawe ya matumbawe, na mkulima hupanda muhogo wake katika vishimo baina ya jiwe na jiwe. Ishike picha hiyo, kwani ndiyo itakayokufahamisha kwa nini watu hawa walihitaji kalenda yao wenyewe.

Kalenda ya Kiislamu huenda kwa mwezi mwandamo, na mwaka wake una siku 354 au 355. Inafaa sana kwa saumu na kwa Idi, lakini haiwezi kumwambia mkulima lini apande, wala baharia lini kusi itaanza kuvuma. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa na hesabu ya pili, ya jua. Waligawanya mwaka katika miongo 36, kila mwongo siku 10, kisha wakaongeza siku 5 zinazoitwa gatha. Jumla ni 365. Siku ya kwanza ya hesabu hiyo ni Nairuzi, jina lililotoka Uajemi kwenye neno lenye maana ya siku mpya. Iran yenyewe huadhimisha Nairuzi yake mwezi wa Machi. Huku kwetu haikuongezwa siku ile moja ya mwaka mrefu, basi kila baada ya miaka minne sikukuu hurudi nyuma siku moja. Mzee wa miaka 60 ameiona ikisogea nusu mwezi katika uhai wake.

Wenyeji huiita Mwaka Kogwa, yaani kuukoga mwaka, na alfajiri wako waendao baharini kuoga hasa. Zamani, katika sehemu mbalimbali za pwani, mafiga yalizimwa siku hiyo, majivu yakazolewa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Hakuna kilichoruhusiwa kuvuka kutoka mwaka wa kale, hata kaa la moto.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mapigano. Uwanjani utaona wanaume wamegawanyika, wa kusini upande mmoja na wa kaskazini upande wa pili. Kwa desturi huanza ndugu wawili dhidi ya ndugu wawili, kisha vijana huingia kwa makundi, vumbi likatimka. Silaha ni mapande ya migomba. Zamani, yasemekana, zilikuwa fimbo. Mgeni hudhani ni mchezo. Kwa wengi ni mchezo kweli, na vicheko havikauki. Lakini ukiwa na jicho la kutazama utamwona mmoja anayemtafuta mtu wake maalumu katika kundi lile. Labda mwaka mzima walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa konde, au ya mbuzi aliyekula muhogo wa jirani. Leo ana ruhusa ya kumpiga mbele ya wazee wote. Akishampiga, naye akapigwa, hana ruhusa tena ya kuivusha chuki hiyo ng'ambo ya siku hii.

Nilipoyatazama hayo niliwakumbuka majirani wa nyumba za kupanga mjini, wanaoweza kununiana miaka mitatu kwa ajili ya ndoo ya maji, wakipishana uani kila asubuhi. Nao hawana siku waliyopangiwa kumaliza.

Baada ya hapo kibanda cha makuti kilichojengwa uwanjani hutiwa moto. Ndani yake huwamo mtu, naye huchomoka mbio moshi ukianza kupanda. Maana yake ni kwamba nyumba zikiungua mwaka huo, watu wasalimike. Tazama pia wazee wanavyoufuata ule moshi kwa macho. Upande unakoelekea una habari zake. Kwa masikitiko nasema kwamba siku hizi huenda usiuone vizuri kwa wingi wa watalii na kamera zao, na vipaza sauti nusura vizizime nyimbo. Wanawake, waliovaa kanga na nguo zao bora, hawajali. Huuzunguka uwanja wakiimba, na nyimbo zao zimejaa mafumbo na kejeli kwa wanaume, ambao hawana budi kuzimeza.

Usibebe chakula. Kwa Wamakunduchi ni nuksi kwa nyumba kukosa mgeni siku ya mwaka. Utaitwa barazani na watu usiowajua, utaulizwa umekula wapi, na ukisema umeshiba hutasadikiwa. Ukila nyumba moja, ya pili itakungoja. Sherehe kwa desturi huendelea siku nne, kwa ngoma na kutembeleana, ingawa mfanyakazi mwenye zamu Jumatatu atatosheka na siku ya kwanza.

Neno moja la mwisho kabla hujafunga safari: vaa shati kuukuu. Utomvu wa mgomba huruka mbali, na doa lake halitoki kwa sabuni yoyote. Jioni, garini, utawatambua kwa madoa hayo waliokuwa uwanjani mchana, na pengine utawakuta wawili wamekaa kiti kimoja.