Ndoa Nayo Inahitaji Kutumiwa Chochote

Ukiishi Marekani, zamu za kazi zinaweza kuwafanya wewe na mwenzio muwe wapangaji tu wa nyumba moja. Mume wangu anaingia kazini usiku, mimi mchana. Tunapishana mlangoni, tunaongelea bili, basi.

Ndiyo maana Oktoba hii, majani yanapogeuka mekundu na ya njano, tunakwenda Shenandoah, hifadhi ya milimani kule Virginia. Mume wangu alisita: "Si bora hela hiyo tuitume nyumbani?" Nikamjibu, "Nyumbani tutatuma, baba. Lakini hata ndoa yetu inahitaji kutumiwa chochote."

Akacheka, tukapanga. Tumechukua Jumanne na Jumatano, maana wikiendi za Oktoba foleni si mchezo. Kiingilio ni dola 30 kwa gari, siku saba. Barabara ya Skyline Drive ina kilomita 169, na mwisho wa mwendo ni kilomita 56 kwa saa. Mtandao wa simu unakatika-katika. Safi kabisa! Tutabeba masweta, chapati na chai ya tangawizi.

Mpenzi msomaji, wewe na mwenzio mmepanga lini?