Raketi Mbili

Chombo ni mtumishi wa mkono. Mkono ukikosea kuchagua, mtumishi hugeuka kuwa bwana, naye huwa bwana mkali. Neno hili sikulipata kitabuni, msomaji wangu. Nililipata kwa hasara, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilianguka juu ya bega la mtu mwingine. Niruhusu nikusimulie habari zake, ili siku utakaposimama dukani mbele ya raketi mbili uwe na busara kuliko mimi.

Nafundisha katika shule ya sekondari iliyo karibu na Garsen, katika nchi ya Mto Tana. Jirani yetu ni Minjila, mahali ambapo barabara itokayo Malindi hugawanyika: moja hushika njia ya Lamu, na nyingine hupanda kwenda Hola na Garissa. Wanafunzi wetu ni watoto wa wakulima wa Kipokomo waishio kandokando ya mto, na wa wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, nao wote hukaa katika madawati yale yale. Miongoni mwa michezo tunayowafundisha ni mpira wa vinyoya, ambao jina lake jingine ni badminton. Mchezo huu ulianza kushindaniwa nishani katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na mahali pengi duniani huchezwa ndani ya majumba yasiyopenya upepo. Sisi hatuna jumba. Uwanja wetu ni udongo uliofagiliwa, urefu wake mita 13.40 na upana wake mita 6.10 kama sheria itakavyo. Mistari yake ni ya majivu, na wavu umefungwa katika miti miwili. Kusi ikivuma alasiri, kinyoya, ambacho uzito wake ni kama gramu 5 tu, huenda upendako upepo, si upendako wewe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mto ulifurika ukachukua mazao ya watu wengi. Hata hivyo, mwaka uliofuata wazazi walichanga fedha, shilingi juu ya shilingi, ili shule inunue raketi moja njema kwa ajili ya mashindano. Nikatumwa Mombasa na fedha hizo. Nilizifunga katika leso, na njia nzima mkono wangu haukutoka mfukoni, maana nilijua zimetoka katika mashamba yaliyozama.

Dukani niliwekewa raketi mbili. Kwa macho zilikuwa ndugu: urefu mmoja, wembamba mmoja, na kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 85 hivi. Mwenye duka akaniambia niilaze kila moja juu ya kidole, nitafute mahali itakapotulia bila kuinama. Ya kwanza ilitulia karibu na katikati. Ya pili ilikataa. Ilinibidi kusogeza kidole mbele, kuelekea kichwani, ndipo itulie. Fahamu hapa, msomaji, jambo ambalo wengi hawalijui: uzito wa raketi si habari yote, bali habari kubwa ni mahali uzito huo ulipokaa. Raketi ambayo hutulia kiasi cha milimita 285 hadi 295 kutoka kitako cha mpini aghalabu huitwa ya sawasawa. Inayopita hapo huitwa ya kichwa kizito.

Kwa nini mtu atake kichwa kizito? Kwa sababu ile ile impasayo mkata kuni achukue shoka na asichukue kisu. Uzito ulio mbali na mkono, ukisha kuanza kwenda, huja na kishindo. Pigo la kutoka juu kwenda chini hutoka kali, na kinyoya hulia kama kuti kavu likivunjika. Lakini uzito huo huo ni mvivu wa kuondoka na mbishi wa kusimama. Karibu na wavu, ambapo kinyoya hutaka kuguswa tu kama mtu agusaye shavu la mtoto aliyelala, kichwa kizito huchelewa. Na katika uwanja kama wetu, ambamo upepo hubadili njia ya kinyoya dakika ya mwisho, raketi isiyogeuka upesi humwacha mchezaji akipiga hewa.

Hayo yote niliambiwa, nami niliyasikia. Kuyasikia na kuyasikiliza ni mambo mawili. Kichwani mwangu mlikuwa na habari ya Satwiksairaj Rankireddy, mchezaji wa India, ambaye tarehe 14 Aprili 2023, katika jaribio lililofanywa Soka, nchini Japani, alipiga kinyoya kikaenda mwendo wa kilomita 565 kwa saa. Nikatamani kishindo. Nikaipunga ile raketi nzito mara mbili hewani, ikavuma, nami nikatoa fedha za wazazi.

Nilipofika shuleni nilimpa raketi ile mchezaji wetu bora, msichana wa kidato cha tatu. Laiti ningalitazama uchezaji wake kwanza! Huyu hakuwa mtu wa kishindo. Ushindi wake ulitokana na macho na kiwiko: alikiweka kinyoya mahali ambapo mwenziwe hayupo, akangoja. Kwa muda wa majuma matatu nilimwambia, "Piga kwa nguvu, mwanangu, piga kwa nguvu," naye akajibu, "Ndiyo, mwalimu," kama adabu ilivyomfunza. Siku ya mashindano alichelewa kila penye wavu. Seti ya kwanza alishindwa kwa 21 kwa 9. Katika seti ya pili nilimwona anashusha mkono baada ya kila pigo na kulishika bega lake. Nikamwita pembeni, nikamwuliza tangu lini linauma. Akatazama chini. "Tangu juma la kwanza, mwalimu."

Nikamwuliza mbona hakusema. Akanyamaza kitambo, kisha akanena maneno ambayo sijayasahau: "Samahani, mwalimu. Nyumbani tuna michi miwili. Mama hutwanga mpunga kwa ule mzito, nami hutwanga kwa ule mwepesi, na mchele hutoka katika kinu kimoja. Nilidhani huku shuleni mambo ni mengine."

Msomaji, nimepita chuo cha ualimu, na huko nilifundishwa kuwa kila mtoto afundishwe kwa kadiri yake. Niliandika jambo hilo katika mtihani nikapata alama nzuri. Mama yule hakufanya mtihani huo, lakini alilijua alipokuwa akichonga mchi. Nilimwomba binti yule radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo si jepesi kwa mwalimu, na mchezo wake tukaukatiza hapo. Alipumzika zaidi ya mwezi kabla ya kuinua mkono tena juu ya kichwa.

Usidhani kwamba raketi ile ilikuwa mbaya. Nilimpa kijana mmoja mwenye bega pana na pigo refu, ikamkaa kana kwamba ilizaliwa naye. Binti akarudia raketi yake ya zamani, iliyochubuka rangi, nayo ni ya sawasawa. Siku nyingine hushinda, siku nyingine hushindwa, lakini hashiki tena bega lake.

Basi utakapochagua, fanya hivi. Kwanza, ilaze raketi juu ya kidole ujue uzito wake umekaa wapi. Pili, usiipunge mara mbili ukaridhika. Ipunge mara hamsini, kisha uliulize bega lako. Tatu, jaribu kuigeuza upesi, mbele na nyuma, kwa kiwiko na kifundo cha mkono, maana huko ndiko wepesi hujulikana. Ukiwa na raketi moja tu, kumbuka kuwa ukanda mnene ukizungushwa mpinini huvuta uzito kuelekea mkononi, na utepe mdogo ukibandikwa kichwani huusukuma mbele. Hivyo waweza kujaribu bila kununua. Wala usikaze nyuzi mno kwa kuiga mabingwa, kwani nyuzi zilizokazwa sana humtaka mtu apige katikati hasa, na ukikosea kidogo hazikusaidii.

Na ukiwa wewe ndiwe umchaguliaye mwingine, mwulize kwanza, kisha ungoje mpaka ajibu kweli. Jibu la "ndiyo, mwalimu" huenda lisiwe jibu.