Nilitaka Nyoka, Nikapata Sungura

Wasee, nilipoacha chuo nilitaka kufuga nyoka. Kontenti kali, sindio? Lakini Kenya nyoka ni mnyamapori. Bila kibali cha KWS unajitafutia kesi. Nikanunua sungura kwa mama jirani hapa Kaptagat.

Siku ya kwanza nikamnyakua kutoka juu, simu ikirekodi. Akarusha mateke vibaya sana. Mama jirani akapiga kelele: "Wewe kijana! Atajivunja mgongo!" Kumbe kweli, sungura anaweza. Na kwake, mkono unaotoka juu ni mwewe.

Nikafuta video. Kila asubuhi, na hii baridi yetu, nikawa nakaa chini kando ya kibanda, kiganja wazi, jani la sukuma juu yake. Simgusi. Wiki mbili bila kuposti, na posti ndizo hunilipia nyumba.

Siku ya kumi na tano akaja mwenyewe. Akanusa vidole, akala. Simu ilikuwa kwa chaji.

Mnyama aliyeganda mikononi mwako kwa video si lazima awe amekuzoea. Pengine anaogopa tu. Mpe muda wake, manze. Watazamaji watangoja.