Ziwa Lisilo na Kasa
Kusini mwa Rumonge, nchini Burundi, karibu na msitu wa hifadhi wa Kigwena, Ziwa Tanganyika hutulia siku isiyo na upepo. Mgeni aliyesikia habari za Unguja huulizia kasa. Hawapo, kasa ni wa bahari, na maji haya ni matamu.

Hata hivyo, ajifunzaye kuelea kifudifudi, miwani usoni na bomba la hewa kinywani, hapati hasara. Ziwa hili, lenye kina cha mita 1,470, lina samaki wengi wasiopatikana pengine duniani. Miambani, mama wa jamii ya Tropheus hulea mayai na watoto kinywani mwake. Akitishwa huweza kuwatema, nao wakaliwa. Basi somo la kwanza ni utulivu: asipige maji mateke wala asifukuze kiumbe. Hata kasa baharini, akikimbizwa, huzuiwa kupanda juu kuvuta pumzi.

Somo la pili ni kumtii mwenyeji. Ziwani mna mamba na viboko, na penye majani na konokono huenda pakawa na kichocho. Mvuvi wa mahali akisema "leo hapana", mwanafunzi na abaki ufukoni. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.